Nusu ya 35.5 katika klorini inatoka wapi?
Mwanangu wa Wete, umeuliza vipi uzito wa atomu ya klorini uandikwe 35.5 ilhali kiini cha atomu, kilichoundwa kwa chembe ziitwazo protoni na nyutroni, hakiwezi kuwa na nusu ya nyutroni, na hapo umeshuku pahala panapostahiki kushukiwa. Kila atomu ya klorini ina protoni 17, na hizo ndizo zinazoifanya iwe klorini. Kinachotofautiana ni nyutroni, kwani zipo atomu zenye nyutroni 18, ambazo uzito wake ni 35 (yaani 17 na 18), na zipo zenye 20, ambazo uzito wake ni 37, nazo huitwa isotopu. Chumvi inayopatikana hapo Pemba kwa kuanika maji ya bahari ina klorini ndani yake, nayo inazo isotopu zote mbili: takriban atomu tatu katika kila nne ni za 35, na iliyobaki ni ya 37. Zidisha 35 kwa 3, ongeza 37, kisha ugawe kwa 4, utapata 35.5. Huo ni wastani tu, wala hakuna atomu hata moja yenye uzito huo. Elektroni, chembe zilizo nje ya kiini, usizitie katika hesabu hii, kwa kuwa moja ina uzito wa takriban sehemu 1 kati ya 1,836 za protoni.