Exige ya kwenda nayo kazini kila siku, na niuze Golf?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi niko Coventry huku Uingereza, kazini ni kama maili 22 kwenda, nusu motawei nusu mjini, nina mke na mtoto wa miaka 3. Nimepata Lotus Exige S ya 2007, kale kagari kadogo ka spoti ka Kiingereza, mwenye nayo kaitunza, risiti zote za gereji anazo. Nataka niuze Golf yangu nibaki na hiyo moja tu, niendee kazini halafu wikendi niingie nayo trak dei, zile siku unalipa unaendesha gari lako mwenyewe kwenye uwanja wa mbio. Washkaji wamegawanyika, nusu wananiambia chukua, nusu wananiambia nitajuta. We unasemaje?
Msomaji, Coventry

JIBU: Ndugu yangu, chukua ila Golf usiiuze. Hii gari naipenda mno na sitaki uje kuichukia winta ya kwanza tu.

Hospawa zake ni 218, siku hizi hata vigari vya kawaida vinazipata, lakini uzito ni kama kilo 935 na hapo ndo utamu wote ulipo. Chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, ni alumini iliyounganishwa kwa gundi, yenyewe peke yake ina kama kilo 68, mtu mzima mmoja hivi. Usukani hauna pawa kwa hiyo kila kitu barabara inachofanya mikono inakipata, ukiingia kona unajua kabisa tairi za mbele bado zimeshika au zinaanza kuteleza, na mi sijui gari jipya la bei hiyo litakalokupa kitu kama hicho.

Injini wala isikutishe, ni Toyota, 2ZZ-GE ya sisi 1,800 ileile ya Celica, Lotus wakaiongezea supachaja, pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi. Mwaga oili kwa wakati, iache ipate moto kabla hujaipeleka kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika, itakutumikia. Ila kwa vile unataka trak, muulize muuzaji vitu viwili. Kwanza sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, maana kwenye kona ndefu za kasi oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa na injini inaweza kufa hapohapo, ndo maana wengi wanafunga sampu yenye vizuizi ndani. Pili vile vyuma vyembamba vya nyuma vinavyoshikilia tairi zielekee mbele, vya kiwandani vinajulikana kukatika kwenye magari yanayopigwa trak na vikikatika ukiwa kwenye spidi tairi ya nyuma inageuka yenyewe. Kama havijabadilishwa, badilisha kwanza ndo uingie trak, tena usibembeleze bei hapo.

Sasa maisha ya kila siku. Kioo cha nyuma kipo lakini huoni kitu, intakula, ile ya kupoza hewa ya supachaja, imekaa palepale, kwa hiyo motawei unategemea vioo vya pembeni tu na kubadili njia mvua inanyesha usiku kunachosha. Kuingia unavuka kizingiti kipana cha chesisi na ukipaki karibu na gari lingine mlango haufunguki vya kutosha, unatoka kwa kujikunja. Kelele ya supachaja iko nyuma ya kichwa chako muda wote, jioni umetoka kazini umechoka hutaipenda kama unavyoipenda Jumapili asubuhi. Siti ni mbili, mkitaka kutoka watatu mmoja anabaki nyumbani, hilo tu lingetosha mi kukwambia Golf ibaki.

Cha kukugharimu kweli ni bodi. Mbele yote ni kipande kimoja kikubwa cha faiba na nyuma yote kimoja, huwezi kusema nibadilishie bampa peke yake. Mtu akikugusa kidogo tu kwenye paking ya supamaketi faiba inapasuka na bili inashtua, na hata rejeta ikianza kuvuja kwa kawaida fundi anashusha hicho kipande cha mbele chote ndo aifikie.

Tairi nazo. Zilitoka kiwandani na Yokohama A048, karibu kipara kabisa, trak zikishapata moto zinashika ajabu, ila asubuhi ya Januari lami ina maji na baridi gari linakuchomoka kwenye raundabauti bila kukuambia. Ukiiendea kazini vaa tairi za kawaida za barabara, zile za trak ziwe kwenye rimu zake za pembeni. Winta ndo wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na vyuma vya miguu vinaota kutu, miezi hiyo Golf inafanya kazi. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba iendeshe, hata kila siku ukitaka, maana ikikaa sana betri inakufa na breki zinashika kutu. Gari hili linapenda kuendeshwa.

Bima ya kawaida mara nyingi haigusi trak dei, soma karatasi yako vizuri, kuna bima ya siku moja inauzwa. Na uwanja wa mbio wa Donington uko karibu nawe lakini kwa kelele ni wakali sana, kama muuzaji kafunga ekzosi ya kupiga makelele wanaweza kukurudisha getini na hela umeshalipa.

SWALI: Hiyo Exige naweza kuileta Nairobi?
Msomaji, Ngara

JIBU: Kenya wanataka gari la usukani wa kulia lisilozidi miaka 8, Exige ziliacha kutengenezwa 2021, kwa hiyo zinazobaki ni zile za mwisho za V6, hizo ni ghali na ushuru bado hujaweka. Injini yake nayo ni Toyota ya sisi 3,500, mafundi wataielewa. Bodi hapana, kila kipande kinatoka Uingereza, na yale matuta ya mtaani kwako yatakuvunjia mbele ndani ya wiki.

Mi ningekuwa wewe ningetafuta Toyota GR Yaris, ipo tangu 2020, injini ya sisi 1,600 ya tabo, inavuta tairi zote nne, ya manyuo ipo, siti nne japo za nyuma ni za watoto, na Japani kuna ambazo zimeshatumika. Hata hiyo iko chini, matuta panda taratibu. Ila watoto utawapeleka shule nayo na Jumamosi ukaipige trak, gari hilohilo.