Picha zilizogandia kwenye albamu: usizivute

Dada, umesema picha za marehemu bibi zimegandia kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu, na huko Tanga ukungu umeshaanza kuzila. Pole. Kwanza acha kuzivuta. Mimi niliwahi kuvuta moja, uso wa babu ukabaki kwenye ukurasa.

Kabla ya yote, piga kila ukurasa kwa simu, karibu na dirisha, bila flashi. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, uingize nyuma ya picha kwenye kona, uusogeze kushoto na kulia kama msumeno, taratibu. Ikigoma, kata ukurasa kuizunguka, uiache hivyo hivyo.

Zikishatoka, ziskani kwa dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi). Anza na zile za rangi za miaka ya 1970, maana hugeuka nyekundu hata zikiwa gizani. Za nyeusi na nyeupe kwa kawaida hudumu zaidi. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo ubora unapungua.

Zenyewe zitie kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, kabatini chumba cha ndani. Si sandukuni chini ya bati, joto la huko unalijua.

Na shangazi yako mkubwa bado yupo? Kaa naye wiki hii, washa rekoda, akutajie majina. Yaandike nyuma kwa penseli laini, pembezoni. Wino wa kalamu unaweza kupenya hadi mbele.