Angalia Hana alipoanza kula

Wewe unayeanza kuisoma Biblia kwa jicho la ndani, yaani kuona hadithi zake kama mambo ya moyoni mwako, usikimbilie Ufunuo. Anza na Hana, 1 Samweli sura ya 1, na ufuate kitu kimoja tu: chakula.

Kila mwaka Elkana na wake zake wawili, Hana na Penina, wanapanda kwenda Shilo kutoa dhabihu. Elkana anampa Hana fungu lake, lakini Penina anamchokoza kwa kukosa mtoto, naye analia, wala hali chakula (mstari wa 7). Kisha anaomba moyoni, midomo ikicheza bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Eli akamwambia aende kwa amani. Mstari wa 18: akaenda, akala, na uso wake haukukunjamana tena.

Mimba bado! Penina yuko palepale. Samweli anazaliwa mstari wa 20. Kilichogeuka ni Hana mwenyewe.

Mimi nilikwama hapo muda mrefu. Nilidhani siri iko kwenye machozi. Nilipokuwa natafuta kazi niliomba kila usiku mpaka koo likakauka, na asubuhi, kabla sijanawa uso, nakagua simu kama nimejibiwa. Nilikuwa bado mstari wa 7, mwaka baada ya mwaka.

Siku hizi, kabla ya kulala, nasema haja moja, yote, mara moja. Halafu najiuliza: ningekuwa nimeshajibiwa, usiku huu ningefanya nini? Kwa Hana ilikuwa kula. Kwangu ilikuwa kulala bila kuifungua tena barua ya maombi ya kazi kuwinda makosa. Kujipigia picha akilini nikipongezwa na watu kulinisaidia kidogo sana. Hilo dogo la mwili ndilo lililonituliza.

Penina ukimsoma kama sauti ya kujilinganisha iliyo ndani yako, sawa. Ila usigeuze kila jina kuwa fumbo. Philo wa Alexandria, aliyeisoma Torati kwa mafumbo katika karne ya 1, aliwakemea walioshika maana ya ndani wakaacha kuitii sheria yenyewe. Na Hana alikuwa akisema na Mungu, si na mawazo yake. Anayekukumbusha hilo usimwone adui.

Mstari wa 19 wasomaji wengi wapya huuruka. Waliamka mapema, wakaabudu, wakarudi Rama, na Elkana akamjua mkewe. Hana hakubaki Shilo kungoja mtoto.