Mapishi 600 kwenye simu: mimi niliyapanga hivi

Dada, umeuliza ufanye nini na mapishi yaliyokujaa kwenye simu: skrinishoti huku, linki za video kule, na sauti za shangazi yako zilizozama ndani ya WhatsApp. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nayo zaidi ya 600, na kila nikitaka kupika kitu nilikuwa natafuta upya mtandaoni.

Nilianza na mafolda, na sikushauri. Folda ya wali, ya samaki, ya vitafunio. Sasa biriani ya samaki utaiweka wapi? Mkate wa kumimina je? Wiki mbili nilihamisha vitu tu.

Kilichonisaidia ni kugawa mafungu mawili: niliyokwisha kupika na ambayo bado. Ambayo bado yote nimeyatia kwenye faili moja refu, wala siyapangi. Chakula kikipikwa na watu wa nyumbani wakakipenda, ndipo nakiandika upya kwa maneno yangu, kila kimoja na faili lake. Katika yale 600, yaliyovuka hadi leo hayafiki 80, na hayo ndiyo tunayokula.

Kuandika upya ndiyo kazi yenyewe, usiikimbie. Skrinishoti haitakukumbusha kwamba mara ya mwisho tui lilikatika kwa sababu uliacha kukoroga lilipoanza kuchemka. Mimi naandika. Vipimo navyo vinahitaji macho. Kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni kama mililita 240, lakini kile cha bati cha mama mkwe wangu nilikijaza maji nikapima, kikaingia 350. Miezi mingapi nilikuwa nailaumu hamira kwa mkate unaoshuka katikati! Siku hizi nikienda kwake nabeba mizani ndogo: akichota konzi ya mchele, naomba niipime kabla haijaingia kwenye sufuria. Na "nazi moja" naandika tui zito mililita ngapi, jepesi ngapi, maana nazi hazilingani.

Halafu majina. Hili hutalikuta kwenye programu za mapishi za Wazungu. Mama mkwe ni wa Unguja, anasema kotmiri. Wifi yangu wa Mombasa anasema dania. Mimi nimekulia Morogoro, kwetu ni giligilani. Uzile, jira, bizari nyembamba, ni kitu kile kile. Ukiandika kila pishi kama ulivyolipokea, siku ukitafuta giligilani utapata nusu tu ya ulivyonavyo. Chagua jina moja utumie kila mahali, na mengine yaandike mwishoni mwa faili ili ukitafuta kwa lolote ulipate.

Juu ya kila faili naweka maneno mawili matatu ya kutafutia: "futari", "wageni", "haraka". Ninalolitumia kuliko yote ni "jana", yaani chakula kinachoanza usiku wa kuamkia: mchele wa vitumbua wa kuroweka, mbaazi kavu. Jioni natafuta "jana", naona nini nikiloweke kabla ya kulala.

Mimi natumia Google Docs kwa kuwa naifungua kwenye simu na kwenye kompyuta, lakini hata faili za maandishi matupu zinatosha. Muhimu uwe na nakala mahali pawili. Simu yangu ya zamani ilitumbukia majini ikiwa na sauti ya shangazi yangu akieleza visheti, pamoja na vicheko vyake na watoto nyuma. Sikuwa na nakala. Shangazi ameshafariki, visheti napika kwa kukisia shira, na bado havijafika vyake.

Kwa hiyo usiku wa leo achana na skrinishoti. Zitoe kwanza sauti za shangazi yako, zihifadhi kama zilivyo, kisha kaa uziandike moja moja, na palipo na "kiasi" mpigie simu umuulize, kiasi gani.