Ukienda kukagua daraja kuukuu, anzia mtoni

Vijana mnaokuja field huku Moshi, wengi wenu mkifika kwenye daraja la barabara kuu mnaanza na lami. Lami ina mashimo, kingo zimegongwa na magari, mnapiga picha, mnaandika. Yaandikeni hayo, ni haki yake, lakini si hayo yanayoangusha daraja. Adui mkubwa wa daraja lililozeeka ni maji. Mimi huanzia chini mtoni.

Mito yetu hii, Kikafu, Weruweru, Karanga, inashuka kutoka Kilimanjaro kwa kasi, na masika ikijaa huja na mawe na magogo. Maji yakigonga nguzo huelekea chini, huzunguka na kuchimba udongo pale nguzo iliposimama. Sasa sikilizeni vizuri: mafuriko yakipungua, shimo lile hujaa tena mchanga na kokoto. Ukija Agosti unakuta mto umetulia, nguzo imesimama vizuri, unaandika msingi ni salama. Usiandike bado. Chukua nondo ndefu, ichomeke ubavuni mwa nguzo, kisha ichomeke hatua kadhaa kutoka hapo. Ikizama kirahisi karibu na nguzo na kule mbali ikagoma, kuna uwezekano mkubwa hapo palichimbwa pakajifukia. Daraja la barabara kuu katika mto Schoharie, jimbo la New York nchini Marekani, lilifunguliwa 1954 na likaanguka Aprili 1987 kwa sababu mafuriko yalichimba chini ya nguzo. Watu 10 walikufa.

Mkiwakuta wachimba mchanga, kaeni nao. Mzee mpe shikamoo yake kwanza, halafu muulize masika maji yalifika wapi. Atakuonyesha kwa kidole alama ambayo hukuiona. Ila wanapochimba jirani na daraja, kitanda cha mto kinashuka na msingi unabaki wazi; hilo nalo liingie kwenye ripoti, bila kuwagombeza.

Ukimaliza chini, tazama juu ukiwa bado chini ya sakafu. Mistari myeupe ya chokaa maana yake maji yanapenya kwenye zege. Rangi ya kutu kwenye ufa ni mbaya zaidi, kwani nondo imeanza kuliwa. Zege likiwa jipya huilinda nondo kwa alkali yake, lakini miaka inavyopita hewa ya ukaa inaingia taratibu na kuua ulinzi huo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo inalisukuma zege kwa ndani mpaka linabanduka. Ndiyo maana tunatembea na nyundo. Gonga: zege zima hutoa mlio mkali, lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Zungushia chaki sehemu yote yenye mlio huo. Mara nyingi eneo linakuwa kubwa kuliko macho yalivyoona.

Nyufa zipimwe upana, ziwekewe alama kwenye ncha zote mbili pamoja na tarehe, ili atakayekuja baadaye ajue kama zimerefuka. Ufa mwembamba usiobadilika haunitishi.

Kisha nenda ncha za boriti, pale zinapokalia vibao vya mpira. Juu yake ndipo ulipo mwanya wa sakafu, na ukivuja, maji na tope vyote vinamwagikia hapo. Ondoa tope kwanza, ndipo utazame. Subiri pia semi lenye mzigo lipite, la tani 50 na zaidi, usikilize: daraja kutikisika kidogo ni kawaida, mlio wa kugonga si kawaida.

Ukikuta boriti imehama kwenye kikalio chake, au sakafu imezama upande mmoja, usisubiri kuandika ripoti ofisini. Mpigie mhandisi wako simu ukiwa hapo hapo darajani.