Tukutane Wapi? Majibu kwa wanaounda programu za kukutanisha marafiki

Swali: Ninaunda programu ya kuwasaidia marafiki wanaoishi mbalimbali kuchagua mahali pa kukutania. Inachukua latitudo na longitudo ya kila mmoja, inajumlisha, kisha inagawa kwa idadi yao. Nilipojaribu Kisumu na Mbita, ilinipeleka ziwani. Nakuru na Kisumu ikaangukia vilimani karibu na Fort Ternan. Hesabu nimeirudia mara tatu. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Lanet, Nakuru*

Jibu: Hesabu yako ni sawa, ila unahesabu kitu kisichofaa. Wastani wa Kisumu (-0.09, 34.77) na Mbita (-0.42, 34.21) ni -0.255, 34.49, na hapo ni maji matupu ya Ghuba ya Winam. Abiria hakati ghuba kama yangeyange. Atazunguka Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay, au apitie Bondo hadi Luanda Kotieno avuke kwa feri. Vivyo hivyo, matatu ya Nakuru kwenda Kisumu hupanda hadi Mau Summit, ikateremka Kericho, Awasi na Ahero. Fort Ternan haimo njiani mwake.

Achana na wastani. Andika orodha ya miji ambako matatu husimama na pana pa kuketi na kula: Ahero, Awasi, Kericho, Londiani, Kapsabet, Chavakali, Luanda, Kendu Bay, Oyugis na kadhalika. Thelathini hivi inatosha eneo zima. Kisha tengeneza jedwali: kila rafiki mstari wake, kila mji safu yake, na katika kila kisanduku uweke dakika za safari, si kilomita. OSRM, programu ya kukokotoa njia za barabarani inayotumia ramani huria ya OpenStreetMap, hutoa jedwali zima kwa ombi moja. Majibu huja kwa sekunde, kwa hiyo gawa kwa 60. Seva yao ya wazi ni ya majaribio tu. Watumiaji wakiongezeka, sakinisha ya kwako.

Hizo ni dakika za gari la binafsi. Matatu husubiri ijae, na makanga hana haraka yako. Anza kwa kuongeza thuluthi ya muda, dakika 20 za kusubiri stejini, na 20 nyingine kila panapobadilishwa gari. Baada ya safari kumi za kweli, rekebisha makadirio hayo.

Sasa uteuzi wenyewe, na hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme watatu wako Kisumu na mmoja Nakuru. Wakikutana Kisumu, watatu wanatumia dakika 20 kila mmoja na wa Nakuru 260, jumla 320. Wakikutana Awasi, ni 75 mara tatu na 210, jumla 435. Kericho ni 130 mara tatu na 150, jumla 540. Programu inayotafuta jumla ndogo itachagua Kisumu leo, kesho na mwaka ujao, kwa sababu kila dakika anayopunguziwa wa Nakuru wanaongezewa watatu. Na wakiwa wawili tu, jumla haisaidii kitu: popote njiani kati yao inakaribia kuwa ile ile.

Kwa hiyo tazama safari ya anayeumia zaidi. Kisumu ni 260, Awasi 210, Kericho 150, Kericho inashinda. Miji ikipishana kwa chini ya dakika 20 kwa kipimo hicho, ndipo uangalie jumla. Marafiki wanaokutana kila mwezi waongezee safu ya deni: dakika ambazo kila mmoja ameshasafiri tangu mwanzo. Jumlisha deni na safari mpya kabla ya kulinganisha, na zamu itajipanga yenyewe. Nauli iwekee safu yake. Ukiichanganya na dakika utalazimika kuamua dakika moja ni shilingi ngapi, na hapo marafiki hawatakubaliana.

Swali: Rafiki yetu yuko mjini Nakuru, lakini programu inamweka kando ya Ziwa Bogoria. Mwingine wa Kisumu ametokea Algeria!
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Jibu: Wa Nakuru amepoteza alama ya kutoa. Nakuru iko -0.303, kusini mwa ikweta, ukiandika 0.303 unamsogeza kilomita 67 kaskazini, na huko ndiko Bogoria iliko. Mara nyingi kisanduku cha kujazia kimekataza kila kitu isipokuwa tarakimu na nukta, au mtu alinakili "0.303 S" na herufi ikaachwa nyuma.

Wa Kisumu amegeuzwa: longitudo imekaa mahali pa latitudo. GeoJSON (muundo wa kuandika data za ramani) na OSRM hutanguliza longitudo, Leaflet (zana ya kuonyesha ramani) hutanguliza latitudo. Badilisha mpangilio mahali pamoja tu katika msimbo, si kila unapokumbuka.

Ukiweka kizuizi kwamba latitudo iwe kati ya -1.5 na 1.5, na longitudo kati ya 33.9 na 36.5, wa Algeria atanaswa. Wa Bogoria atapita, kwa sababu ikweta inakata eneo letu hili hili, pale Maseno na kwingineko, na pande zote mbili kuna watu. Dawa ni kumwonyesha mtumiaji jina la mji ulio karibu na alichojaza, athibitishe kabla ya kuendelea.

Swali: Wenzetu wawili wana kabambe, simu ndogo za vitufe, na sisi wengine bando huisha haraka. Tufanyeje?
*Msomaji, Lurambi, Kakamega*

Jibu: GPS si lazima. Muulize mtu, "Unapandia steji gani?" na umpe orodha ya miji. Wa kabambe anaweza kujaziwa na mwenzake. Miji 30 kwa 30 ni visanduku 900, na kila kimoja kikichukua baiti 2, jedwali zima ni baiti 1,800. Likokotoe mara moja, lihifadhi kwenye simu, na uteuzi utafanyika bila intaneti. Picha ya ramani ndiyo mlaji wa bando. Ifungue mji ukishachaguliwa, tena mtumiaji akiitaka.

Swali: Baadhi ya marafiki hawataki wenzao wajue wanakoishi. Je, nikificha nukta zao kwenye ramani inatosha?
*Msomaji, Kanduyi, Bungoma*

Jibu: Haitoshi. Ukimwonyesha kila mtu dakika za mwenzake hadi miji mitatu, mwenye kalamu na ramani atakisia anakotoka. Kila mmoja aone dakika zake tu na mji uliochaguliwa. Ukitumia GPS, bakiza desimali mbili, ambazo ni kama kilomita 1.1, na ufanye hivyo kwenye simu kabla ya kutuma. Mkutano ukipita, futa. Mahali mtu alipo ni data binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, kwa hiyo omba ridhaa na ueleze unaitumia kwa nini.

Swali: Tulipanga saa nane, programu ikamwambia mwenzetu aondoke alfajiri. Ana hasira hadi leo.
*Msomaji, Nyalenda, Kisumu*

Jibu: Aliyeandika 8 alimaanisha saa nane mchana, programu ikasoma 08:00. Saa ya Kiswahili na ya kimataifa hupishana kwa 6. Usiache kisanduku cha namba tupu. Weka chaguo lenye maneno kamili, "saa nane mchana (14:00)", na ndani ya msimbo uhifadhi 14:00 peke yake. Mkiwa hapo, jazeni pia saa ya matatu ya mwisho ya kurudi kutoka kila mji, kwa kuuliza stejini. Mji usiomwachia mtu angalau saa mbili za kukaa na wenzake uondolewe kwenye orodha kabla ya hesabu kuanza.