Fundi Ajibu: Kebo ya tani 3.8 inashindwaje na mzigo wa kilo 300?

SWALI: Shikamoo fundi. Nataka kuvusha mizigo juu ya korongo kwa kebo ya chuma, toka nguzo mpaka nguzo ni mita 20, na mzigo ukiweka na roda yake na kila kitu hauzidi kilo 300. Muuzaji kanionyesha ya milimita 8 akasema hiyo inakatika kwenye tani 3.8, nikapiga hesabu nikaona nina akiba zaidi ya mara 12, si inatosha kabisa? Nimepanga kuivuta ikaze vizuri ili mzigo ukifika katikati isishuke zaidi ya sentimita 25. Jamaa mmoja kaniambia itakatika. Ananitisha au?

JIBU: Marahaba. Hakutishi, yuko sahihi, na muuzaji naye hajakudanganya, maana kebo ya milimita 8 yenye kiini cha katani kwa chuma cha daraja la 1770 (yaani nguvu ya waya zake, nyutoni 1,770 kwa kila milimita mraba) kweli inakatikia hapo hapo kwenye tani 3.8. Shida ni kwamba wewe umepiga hesabu kama vile mzigo unaning'inia wima chini ya kebo, wakati kebo yako imelala. Kebo haiwezi kusukuma wala kuinua, inavuta tu kwa kufuata mwelekeo wake yenyewe, kwa hiyo kinachobeba mzigo ni ule mwinamo mdogo tu wa kila upande. Ukiikaza mwinamo unapungua, na ukipungua inabidi ivute kwa nguvu kubwa mno ndo ipate hizo kilo 300 za kwenda juu.

Hesabu ya huo mvuto wa kebo haina ugumu: chukua uzito zidisha kwa umbali wa nguzo kwa nguzo, alafu gawa kwa kina cha kushuka mara nne. Kwako ni 300 mara 20, inakuja 6,000, unagawa kwa 0.25 mara 4 yaani 1, inabaki kilo 6,000. Tani sita kwenye kebo inayokatika kwa tani 3.8! Na hapo mzigo umetulia, haujaruka wala kushtuka.

Sasa iache ishuke mita 1 mzigo ukiwa katikati. Mvuto unakuwa kilo 1,500. Ikishuka mita 2 unabaki 750. Yaani umeongeza kina tu, hujanunua kitu, na mvuto umepungua mara nane. Ndo maana mtu akiniuliza "ninunue kebo ya unene gani" mi namuuliza kwanza itashuka kiasi gani, na wengi wanakasirika kidogo wanaona nakwepa swali.

Akiba ya usalama kwa kazi za kuinua mizigo kwa kawaida ni mara 5 ya mvuto, sio mara 5 ya uzito wa mzigo, hapo watu wengi wanachanganya. Alafu usisahau ncha. Ukikunja kitanzi ukakibana kwa klipu za U, zikifungwa sawasawa, kitanzi kinabaki na kama asilimia 80 tu ya nguvu ya kebo. Basi ukichagua kushuka mita 2: 750 mara 5 ni 3,750, gawa kwa 0.8 unapata karibu kilo 4,700, na kebo ya milimita 10 ya aina ile ile inakatika kwenye kama tani 5.9, inafaa. Ukichagua mita 1 unahitaji karibu kilo 9,400, hapo hata ya milimita 12 yenye kiini cha katani haifiki (iko kwenye tani 8.5 hivi), itabidi uende ya milimita 14. Uzito wa kebo yenyewe kwa mita 20 ni mdogo, hauharibu hesabu, ila namba za kukatika zisome kwenye cheti cha kebo unayoinunua wewe, usichukue hizi zangu wala maneno ya mdomo.

Na nguzo je? Huo mvuto wote unaenda kwenye nguzo, tena juu kabisa, unaziangusha kuelekea korongoni. Kila nguzo iwe na kebo ya nyuma iliyofungwa kwenye nanga ya ardhini, na hiyo nanga apime mtu anayejua udongo. Mi naona ajali nyingi chanzo chake ni hapo kuliko kebo kukatika.

SWALI: Na mtu anaweza kupanda humo siku moja moja? Mzee wetu miguu inamsumbua.

JIBU: Hapana. Kwa watu akiba inaanzia mara 10 na kuendelea, kuna breki, kuna kebo ya pili ya dharura, kuna ukaguzi. Hiyo yako ni ya mizigo, na asisimame mtu chini yake wala kwenye mstari wake ikiwa imekazwa.

SWALI: Klipu za U nafunga upande gani? Kila fundi ana lake.

JIBU: Kile kipande kinene chenye mifereji kikae juu ya upande mrefu unaobeba mzigo, na ile U yenyewe ibane ncha fupi iliyokunjwa. Zote ziangalie upande mmoja, wanaozipishanisha wanaiponda kebo pale pale inapofanya kazi. Weka tatu au zaidi, nafasi kati ya klipu na klipu ni kama unene wa kebo mara sita, na ndani ya kitanzi weka kile kipande cha chuma chenye mfereji kinachofuata mkunjo (thimble) ili kebo isivunjike shingo. Kaza, weka mzigo, ushushe, alafu kaza tena, kwa sababu kebo ikivutwa inapungua unene kidogo na nati zinalegea zenyewe.